Aliyeshika Kichwa cha Brithen

Kwa miaka sita mimi na Morfudd Rees hatukusemezana, ingawa moshi wa nyumba yake nauona nikiwa jikoni kwangu. Watu wa bondeni walishazoea. Kanisani alikaa mbele, mimi nikakaa nyuma. Kwenye mazishi, akiingia yeye kwa mlango mkubwa, mimi nilipita wa ubavuni. Binamu yangu Gethin alikuwa akisema sisi wawili tumeigawana Wales nusu kwa nusu, kama warithi wabaya.

Kisa kilikuwa kitabu. Morfudd ni mwandishi. Ana vitabu tisa, vyote kwa lugha yetu, na vyote ni vya farasi. Si wale wa mashindano, bali hawa wadogo wa mlimani, wenye miguu mifupi na manyoya mazito, ambao sisi wafugaji huwaacha huko juu mwaka mzima. Huzaa huko na kufa huko. Tunawashusha mara moja tu, mwezi wa Oktoba, ili tuwahesabu na kuwatia alama. Hakuna aliyewaandika kama yeye, hata mimi nakiri. Ukifungua ukurasa wake unasikia harufu ya farasi aliyelowa mvua. Idwal, mzee ambaye hajawahi kumaliza hata barua ya mkwewe, alivisoma vyote tisa huku akilia, halafu akasingizia mafua.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililotuchekesha. Morfudd hagusi farasi. Tangu nipate akili sikuwahi kumwona akimgusa hata mmoja. Siku ya kuwashusha huja na daftari, husimama nyuma ya ukuta wa mawe, na farasi akisogea hatua mbili, yeye hurudi tatu.

"Bi Mwandishi!" Idwal humwita. "Usimkimbie huyo, amesoma kitabu chako, anataka sahihi tu!"

Naye hutabasamu kidogo na kuendelea kuandika.

Kitabu cha sita ndicho kilichotutenganisha. Ndani yake kuna mfugaji mmoja mwenye kovu shavuni na kidole pungufu, ambaye farasi wake jike anazama kwenye kinamasi. Mfugaji anatazama, anaona kazi ni kubwa na buti zake ni mpya. Anarudi nyumbani, anachukua bunduki, anampiga risasi ya kichwa, kisha anaketi kula viazi. Bonde zima lilimjua mtu huyo. Kovu lile lilikuwa la baba yangu, Llew Beynon, na kidole kile kilikwenda na mashine ya kukatia nyasi nilipokuwa na miaka mitano. Na ni kweli kwamba mwaka niliotimiza kumi na miwili, baba alimpiga risasi jike wetu aliyeitwa Eirin, huko juu kwenye Kinamasi Cheusi. Nakumbuka alivyorudi. Hakula viazi. Hakutia kitu mdomoni siku mbili.

Kitabu kilipotoka, baba alikuwa kaburini mwaka wa tano, hana mdomo wa kujitetea. Nilikwenda kwa Morfudd nikiwa nacho mkononi. Nikamuuliza pale mlangoni, "Baba yangu alikukosea nini?"

Akanitazama. Midomo yake ikacheza, neno lisitoke. Mwandishi mzima! Nikakitupa kitabu kwenye ngazi yake na kuondoka, na tokea hapo ikawa basi.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba. Asubuhi tulipanda mlimani watu kumi na wanne, wengine kwa farasi, wengine kwa zile pikipiki za magurudumu manne, na mbwa wetu. Jua lilikuwa kali, na kwetu jua kali la Oktoba ni la kutiliwa shaka. Kufikia saa saba mchana karibu farasi wote walikuwa chini, wamejazana zizini, wanapumua mvuke, madume wanapigana mateke. Nilihesabu wangu mara tatu. Walipungua wawili, Brithen na mwanawe wa mwaka ule.

Brithen ana miaka kumi na tisa, wa kijivu mwenye madoa, na ndiye anayeongoza kundi langu. Anaujua mlima kuliko mimi. Jike kama yule hachelewi bila sababu.

"Nyie endeleeni kuwatenga," nilimwambia Gethin. "Mimi napanda tena."

"Tazama kileleni, Nest. Ukungu huo."

"Nitarudi kabla haujashuka."

"Wote tunaokwenda kuwatafuta na tochi walisema hivyo hivyo."

Nikawasha pikipiki nikaenda. Nilipanda nayo hadi kwenye ukuta wa zamani, nikaiacha hapo, kwa sababu mbele yake ardhi ni laini. Nikatembea. Nilimsikia mtoto wa farasi kabla sijamwona. Alikuwa analia ile sauti nyembamba ya kumwita mama, na hakuwa anahama mahali. Nikakimbia.

Brithen alikuwa ndani ya Kinamasi Cheusi. Nyuma yote ilikuwa imekwisha kumezwa. Kilichobaki juu ni mabega, shingo na kichwa. Tope lilikuwa limemfika kifuani. Alikuwa amechoka mno hata hatapatapi tena. Kila baada ya muda kichwa kilimlemea, kikashuka, pua zikaingia kwenye maji meusi, akakoroma na kukiinua kwa shida. Kila mara alikiinua chini kidogo ya mara iliyopita.

Na juu ya jiwe, hatua kumi kutoka pale, alisimama Morfudd Rees, daftari limemwangukia miguuni, uso umekuwa kama chokaa.

"Nimepiga kelele saa nzima," alisema. "Simu haishiki."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miaka sita. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amemfuata Brithen tangu asubuhi kwa miguu, kama alivyokuwa akifanya miaka nenda miaka rudi, akimwandika kwa mbali. Mbwa wa watu walimtisha mtoto, mtoto akakatiza kinamasi kwa wepesi wake, mama akamfuata kwa uzito wake.

Nilijilaza kifudifudi nikajivuta juu ya majani hadi nikamfikia. Nikamvalisha kamba ya kichwani. Nikaweka mkono wangu chini ya taya lake, nikakiinua kichwa. Akaniachia uzito wote. Kichwa cha farasi ni kizito, hata cha farasi mdogo. Nilihisi pumzi yake ya moto kwenye kiwiko changu, fupi fupi.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Peke yangu nisingeweza kumtoa. Ilitakiwa trekta, mkanda mpana, mbao za kulalia na wanaume wawili au watatu. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, kama Mungu angetuwekea njia wazi. Na katika saa hiyo, mtu akikiacha kichwa hiki, Brithen atakunywa tope hadi afe.

"Njoo ushike hapa," nikasema.

"Siwezi."

"Lala kama nilivyolala. Tope hili halimmezi mtu aliyelala."

"Nest, siwezi. Wewe baki naye, mimi nikaite watu."

"Unajua kuendesha ile pikipiki?"

Alitikisa kichwa.

"Haya, kwa miguu utafika lini? Angalia nyuma yako!" Ukungu ulikuwa umeshameza kilele na ulikuwa unateremka kwenye mawe, mweupe, taratibu, kama maziwa yanayochemka kuvuka sufuria. "Umeandika vitabu tisa, Bi Mwandishi! Tisa! Hawa farasi wamekujengea nyumba, wamekuvalisha, wamekupeleka kupigiwa makofi mjini. Leo mmoja tu anakuomba mkono, unaniambia huwezi?"

"Usiniache naye." Sauti yake ilikatika. "Baba yako aliniacha na yule."

"Yule nani?"

"Eirin."

Sikuelewa. Au nilielewa, nikakataa kuelewa. Brithen akakoroma juu ya mkono wangu.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," Morfudd alisema, na alisema haraka kama mtu anayetapika. "Nilikuja kuchuma matunda ya mlimani. Nikamkuta baba yako amelala hapo hapo ulipo, ameshika kichwa cha Eirin. Akaniambia, njoo binti yangu, shika hapa, nakimbia kuleta kamba na watu. Nikashika. Akaondoka. Eirin akaanza kutapatapa, Nest, akapiga kelele. Sijawahi kusikia kelele kama ile. Nikadhani anataka kunivuta naye. Nikamwachia. Nikakimbia hadi nyumbani, nikaingia chini ya kitanda. Baba yako aliporudi na kamba alikuta… alikuta yupo nusu. Hakufa na hakupona. Bunduki aliifuata baada ya hapo, kumpumzisha."

Nilikuwa nimelala kwenye maji ya baridi, lakini uso wangu uliwaka.

"Na ukaandika kwamba aliona buti zake mpya."

"Ndiyo."

"Naye hakukutaja."

"Hakunitaja kwa mtu. Akikutana nami njiani ananiuliza, habari za masomo, Morfudd? Maisha yake yote. Nilipoandika nilidhani mtu atasimama aseme, mwongo, wewe ndiye uliyekimbia. Nilitaka mtu aseme. Kumbe aliyejua alikuwa ameshakufa."

Nawaambia ukweli, kama mikono yangu isingekuwa chini ya taya la farasi, ningemzaba. Miaka sita nilimchukia kwa kumsingizia baba, kumbe chuki yangu haikufika hata nusu ya deni lake. Lakini kichwa cha Brithen kikateleza, pua zikaingia majini, nikakivuta juu na kukohoa naye. Hapakuwa na wakati.

"Nitakuua baadaye," nikamwambia. "Sasa hivi lala chini."

Akanitazama. Kisha akapiga magoti ukingoni, akajilaza, akaanza kujivuta. Alikuwa anatetemeka hata majani yalitikisika. Aliponifikia alifumba macho. Nikauchukua mkono wake wa kulia, nikauingiza chini ya taya karibu na wangu, nikamsikia akivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji. Nikauweka wa kushoto kwenye kamba.

"Usijifunge kamba mkononi. Akirusha kichwa atakuvunja. Mtoto akisogea mpigie kelele arudi nyuma. Zungumza na mama yake, asikie mtu. Unanisikia?"

"Usichelewe, Nest."

"Ukimwachia," nilisema, na sikumalizia, kwa sababu sikuwa na la kumtishia zaidi ya lile alilokuwa ameishi nalo miaka arobaini na saba.

Nikaondoka. Nilipogeuka mara moja, ukungu ulikuwa umeshamfunika hadi miguuni.

Njia ya kushuka sipendi kuikumbuka. Sikuona zaidi ya urefu wa pikipiki. Nilifuata ukuta kwa mkono wa kushoto, nikaukwaruza, nikapotea mahali mawe yalipoanguka, nikatumbukia mtaroni gurudumu moja, nikashuka, nikasukuma, nikalia, nikapanda tena. Kitu kimoja kilikuwa kinanizunguka kichwani. Baba alishuka njia hii hii akiwa na haraka hii hii, akiamini kwamba huko juu kuna mtu ameshika.

Zizini nilikuta wanakunywa chai. Sikuhitaji kusema mengi. Nilikuwa tope tupu.

"Brithen. Kinamasi Cheusi. Trekta, mkanda, na kitu cha kulalia."

Gethin alimwaga chai yake chini. Idwal, na miaka yake sabini na mitatu, aling'oa mlango wa banda kwenye bawaba zake akaupakia.

"Nani yuko naye?" Gethin aliuliza tukiwa njiani, mimi nimening'inia ubavuni mwa trekta.

"Morfudd."

"Morfudd yupi?" Idwal akadakia. "Morfudd huyu wetu? Ameshika farasi?"

"Ameshika."

Wakatazamana. Hakuna aliyetania.

Tulipovuka ukuta wa zamani ukungu ulikuwa umekuwa mzito, pua ya trekta yenyewe ilikuwa haionekani. Gethin alikwenda kwa mwendo wa mtu anayepapasa. Baada ya muda akasimama. "Sijui kinamasi kiko wapi. Nikisogea tena naweza kukiingia mimi." Akazima injini.

Tukasikiliza.

"Morfudd!" niliita. "Morfudd!"

Hakuna jibu. Hata mtoto wa farasi hakulia. Matone tu yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kofia ya Idwal. Niliita tena hadi koo likaniuma.

"Labda ameogopa, akashuka kwa upande ule," Idwal alisema kwa upole. "Si kosa lake. Kila mtu ana chake."

Nilikuwa nimeshamwona akilini, mama wa miaka sitini na minne, chini ya kitanda.

Ndipo nikasikia kama kunguru. Sauti kavu, inakwaruza, mara inakuja, mara inapotea. Gethin akainua kidole. Tukaifuata kwa miguu, mmoja ameshika koti la mwenzake, na kadiri tulivyosogea ikageuka kuwa maneno.

"Brithen wa Mwyar. Mwyar wa Nansi. Nansi wa Tegan. Tegan wa Eirin." Kisha pumzi. Kisha tena, "Brithen wa Mwyar. Mwyar wa Nansi…"

Alikuwa anataja ukoo wa yule farasi, mama kwa mama. Ukoo ambao hata mimi mwenyewe naukumbuka kwa kutazama daftari la baba. Kila alipofika kwa Eirin alirudi mwanzo. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kupiga kelele, ndiyo maana hakuweza kutujibu. Alikuwa amelala vile vile nilivyomwacha, ila alikuwa ameshuka; tope lilikuwa limempita kiunoni, na kichwa cha Brithen kilikuwa kimelala juu ya bega lake, shavu kwa shavu. Mtoto alikuwa amejikunja kwenye nchi kavu nyuma yake, hai, amechoka kulia.

Macho ya Morfudd yalikuwa bado yamefumbwa.

"Tumefika, dada Morfudd," nilisema. Nilipokuwa mdogo ndivyo nilivyomwita. Lilinitoka lenyewe.

"Yuko hai?" alinong'ona.

"Yuko hai."

"Mkono siusikii."

Nikatazama. Alikuwa amejifunga kamba kwenye kifundo cha mkono, mara mbili, kinyume na nilivyomwambia, na kifundo kilikuwa kimepinda mahali ambapo mkono wa mtu haupindi. Brithen alikuwa amerusha kichwa. Lini, hakujua kutuambia. Alivunjika akiwa peke yake mlimani, akaendelea kushika.

Gethin akarudi akaisogeza trekta karibu, Idwal akimwongoza kwa sauti, kisha akatandika ule mlango juu ya tope, akalala juu yake, akaingiza mkono hadi begani kuupitisha mkanda nyuma ya miguu ya mbele. Ilimchukua muda mrefu. Idwal alichomeka mti kando ya mbavu za farasi na kuutikisa, hewa iingie, tope limwachie. Mimi nilichukua kichwa. Lakini Morfudd hakutaka kuondoka, au hakuweza, basi tukakishika wawili.

Gethin akapanda trekta, akavuta. Mara ya kwanza kamba ilikaza, mkanda ukateleza, Brithen akatoa mlio. Nilimhisi Morfudd akikakamaa mwili mzima. Hakuachia. Mara ya pili magurudumu ya trekta yakaanza kuzama, na Idwal akapiga kelele, "Simama! Simama bwana, tutavuta viwili badala ya kimoja!" Gethin akarudi nyuma, akatafuta mwamba, akaweka mawe. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi. Pumzi za Brithen nilizihesabu, na kati ya moja na nyingine nilikuwa napata nafasi ya kusali sala nzima.

Mara ya tatu Gethin alivuta polepole, polepole kama mtu anayetoa mwiba kwa mtoto. Kinamasi kikagoma, kikagoma, halafu kikamwachia Brithen kwa sauti ya aibu. Akatoka ubavu, mweusi mzima, akateleza juu ya mlango wa banda hadi kwenye majani, na hapo akalala bila kutikisika.

"Amekufa?" Morfudd aliuliza.

Tulichukua magunia tukaanza kumsugua, Idwal miguu, mimi kifua, nikimtukana, nikimbembeleza. Mtoto akaja, akamnusa, akampiga kwa pua yake ndogo. Brithen akafungua jicho. Tuliendelea kusugua hadi mikono ikachubuka. Akajaribu kusimama, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka juu ya Idwal, naye akasema maneno ambayo kanisani hayajulikani. Mara ya tatu akasimama, miguu imemtanuka kama meza mbovu, mtoto akaingia chini yake kunyonya.

Nilipogeuka, Morfudd alikuwa bado ameshika kamba. Vidole vilikuwa vimeganda. Nilivifungua kimoja kimoja.

Alilazwa wiki nzima, wakamtia vyuma kwenye mkono. Sikwenda kumwona. Nilimpelekea supu ya kondoo kwa Gethin, lakini mwenyewe sikwenda. Sikujua ningekaa upande gani wa kitanda, upande wa Brithen au upande wa baba.

Siku aliyotoka alikuja mwenyewe, mkono umefungwa shingoni. Alisimama kwenye lango letu, lile ambalo alikuwa amelipita miaka na miaka bila kugeuza shingo.

"Sikukujia wewe, Nest," alisema. "Nimekuja kwa mama yako."

Mama yangu, Marged, ana miaka themanini na minane. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko, anakata vitunguu majani. Nilimwambia Morfudd aketi, akakataa. Akasema yote akiwa amesimama, matunda, kelele, kitanda, kitabu. Mama aliendelea kukata. Morfudd alipomaliza, mama akapangusa kisu.

"Nilijua," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ulijua nini, mama?"

"Llew aliniambia siku ile ile. Akasema, lile toto la kina Rees limekimbia, Marged, na mimi ndiye mjinga niliyemwachia mtoto kazi ya mtu mzima. Usimwambie mtu, litaharibika. Nikamwapia."

"Na kitabu? Mama, nilikusomea kile kitabu mimi mwenyewe! Ulikaa kimya!"

"Ningefanyaje? Kiapo hakifi na mtu." Akamgeukia Morfudd, na sauti yake ikawa kali kwa mara ya kwanza. "Wewe ulinikasirisha, usidhani hukunikasirisha. Si kwa kukimbia. Mtoto hukimbia. Lakini ulikuwa mtu mzima ulipoandika vile. Mume wangu alikubeba mgongoni zaidi ya miaka thelathini bila kukutua, halafu wewe ukampiga risasi."

Morfudd akalia. Hakuficha uso. Mama akamwacha alie kadiri ya haja, kisha akamwonyesha kiti kwa kisu.

"Kaa. Na ukimaliza hapa utayasema hayo kwa watu, kwa mdomo wako. Si kwa hadithi. Sitaki kuyasikia yakiwa mazuri."

Aliyasema. Ilikuwa Novemba, ukumbini, siku wafugaji walipokutana kula chakula cha mchana baada ya mnada. Alisimama bila karatasi, na kwa mtu wa maneno kama yeye, yalitoka vibaya. Yaligongana, akarudia, akasahau mwaka. Alisema Llew Beynon hakumwua farasi kwa uvivu, na kwamba aliyesababisha ni yeye. Watu walitazama sahani zao. Kitu kizito kilipita kwenye kile chumba, nami nilihisi wengine wakinikodolea macho, wakingoja waone nitafanya nini. Sikufanya kitu. Nilikuwa nalia na kutafuna kwa wakati mmoja.

Mwishowe Idwal akajikohoza. "Miaka kumi na saba," alisema. "Mimi umri huo nilikuwa namkimbia bata wa mama yangu." Mtu mmoja akacheka, kisha wengine, na Gethin akamsogezea Morfudd kiti kwenye meza yetu.

Sitadai kwamba nilimsamehe siku ile. Kuna asubuhi nikimwona bado navuta pumzi mara mbili kabla ya kumsalimu. Lakini namsalimu. Kitabu kile kilipochapwa upya alitia ukurasa mmoja mwishoni, mistari michache isiyo na pambo, na jina la baba na jina lake. Mama aliutaka usomwe mara mbili, kisha akasema sawa.

Brithen alikohoa majira yote ya baridi. Nilimweka malishoni nyuma ya nyumba pamoja na mwanawe, chini ya paa, nikimpa nyasi zilizolowekwa maji ya moto na kuchanganywa na shayiri. Nilikuwa na hofu kila asubuhi nikifungua pazia. Mwezi wa Machi kikohozi kikaisha.

Morfudd sasa huja kunywa chai siku za Alhamisi, wakati mwingine nje, kwenye ukuta, jua likiwepo. Siku moja nilimuuliza kama hataki kwenda kumgusa Brithen, walau shingo, kwa kuwa walishajuana.

"Hapana," alisema. "Naogopa kama zamani, Nest. Nilidhani itaniondoka. Haikuondoka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nikammiminia chai nyingine. Mwezi wa Mei nilifungua lango la juu, na wale wawili wakapanda mlimani kwa wenzao, mama mbele, mtoto nyuma. Hawakupita upande wa kinamasi.